Mchezaji Akivua Jezi, Elimu Yake Iende Wapi?

Wamo katika ofisi zetu watu wanaodhani kwamba mchezaji ni miguu na mikono tu. Maadamu miguu inakwenda, atapigiwa makofi, atapangiwa safari na picha yake itawekwa gazetini. Siku miguu ikichoka hupewa mkono wa kwaheri, pengine na cheti juu yake, na habari yake ikawa imekwisha. Sisi hatuafikiani na fikra hiyo. Leo tumekusudia kuipinga, si kwa maneno ya jumla, bali kwa kisa cha mtu mmoja wa kisiwani kama sisi, ambaye uwanja ulikuwa mlango tu wa maisha yake: marehemu Learie Constantine wa Trinidad, mcheza kriketi, mwalimu wa mchezo, mtangazaji, mwanasheria, Mwenyekiti wa Chama, Waziri na Balozi.

Huenda msomaji akauliza kriketi inatuhusu nini. Mchezo huo si mgeni hapa kwetu. Waingereza waliuleta, ukachezwa Mnazi Mmoja zama za ukoloni, na wenzetu wenye asili ya Kihindi na Kigoa waliucheza kwa ustadi, ingawa kwa wengi wetu ulibaki kuwa jambo la kutazamwa kwa mbali. Huko Karibea mambo yalikuwa kinyume. Wajukuu wa watumwa waliuchukua mchezo wa bwana wao, wakaufanya wao, na mwisho wakamfunza bwana namna ya kuucheza. Na Trinidad ni kisiwa kinachofanana na vyetu kwa mengi: mashamba makubwa, huko ya miwa na kakao, hapa ya karafuu, utumwa, kisha utawala wa Mwingereza aliyempanga kila mtu mahali pake kwa kabila na rangi.

Constantine alizaliwa tarehe 21 Septemba 1901 huko Petit Valley, karibu na Diego Martin. Alikuwa mjukuu wa watumwa. Baba yake, Lebrun, alikuwa msimamizi katika shamba la kakao, na mcheza kriketi hodari. Mwaka 1900 Lebrun alichaguliwa kwenda Uingereza pamoja na timu ya kwanza ya West Indies kufanya safari hiyo, lakini uwezo wa kusafiri hakuwa nao. Inasimuliwa kwamba alionekana mjini Port of Spain siku ile ile meli ilipokuwa inaondoka. Watu wakachanga fedha papo kwa papo, wakamtia katika chombo cha mbio, na chombo kikaifukuza meli mpaka kikaipata. Katika safari hiyo Lebrun alipata mikimbio 113 katika uwanja wa Lord's, mtu wa kwanza kutoka visiwa vile kupindukia 100 katika ardhi ya Uingereza. Tunakitaja kisa hiki kwa makusudi. Wakubwa wa mchezo walikuwapo, na majina yao yaliandikwa katika vitabu vya safari, lakini aliyemfikisha Lebrun melini ni raia wa mjini aliyetoa cha mfukoni mwake.

Mwanawe Learie alipomaliza skuli aliajiriwa ukarani katika ofisi ya mawakili. Aliipenda sheria, lakini katika koloni lile kijana mweusi asiye na mali alikuwa na matumaini machache mno ya kufika mbali katika kazi hiyo. Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya mafuta. Kriketi haikuwa na mshahara. Hata vilabu vilipangwa kwa ngozi: Queen's Park kilikuwa cha Wazungu na matajiri, Maple cha watu wa rangi ya maji ya kunde, na Shannon, alichochezea Constantine, kilikuwa cha weusi wa hali ya makarani na walimu. Na nahodha wa timu ya West Indies sharti awe Mzungu. Kama anaujua mchezo au haujui, hilo lilikuwa suala la baadaye.

Mwaka 1928 akaenda Uingereza kwa mara ya pili, na safari hii jina lake likaenea. Mwezi wa Juni, hapo Lord's, West Indies walicheza na timu ya mkoa wa Middlesex. Constantine alipata mikimbio 86 kwa muda usiotimia saa moja. Kisha akashika mpira na kuwatoa wapigaji saba kwa mikimbio 57. Halafu akarudi na gongo lake akapata 103 kwa muda wa kiasi cha saa moja, na timu yake ikashinda mchezo ambao watu walikwisha kuukatia tamaa. Kwa msimu mzima alipata mikimbio 1,381 na kuwatoa wapigaji 107. Katika michezo ya kimataifa hesabu zake si za kutisha: michezo 18, mikimbio 635, wapigaji 58, na hata mara moja hakufika 100. Atakayemhukumu kwa hesabu hizo peke yake hatamwona. Waliomwona wanasema alidaka mipira ambayo wengine hawakuifukuza, na kwamba akiwa uwanjani watu hawakuondoka kwenda kunywa chai.

Kuanzia mwaka 1929 alichukuliwa na klabu ya Nelson, mji mdogo wa viwanda vya nguo za pamba katika mkoa wa Lancashire. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo.

Nelson haikuwa London. Ulikuwa mji wa wafanyakazi wa vinu, na wengi wao hawakuwahi kumwona mtu mweusi. Siku za mwanzo watoto walichungulia madirishani, barua za matusi zikaja, na Bwana Constantine na mkewe, Bibi Norma, walifikiri kufunga mizigo. Wakastahimili. Alikaa misimu 9, na katika misimu hiyo 9 Nelson ilichukua ubingwa mara 7 na kushika nafasi ya pili mara 2. Mapato ya mlangoni yakafurika, na vilabu vingine vya ligi vikaomba dua mchezo wao na Nelson uangukie siku isiyo na mvua, maana siku hiyo moja iliweza kuwalipia gharama za miezi.

Lakini ubingwa si kiini cha maneno yetu. Katika ligi ile kila klabu iliruhusiwa mchezaji mmoja tu wa kulipwa. Waliobaki walikuwa vibarua wa viwandani, makarani na wauza duka waliocheza Jumamosi. Mtu huyo mmoja hakulipwa kwa kucheza tu. Alitakiwa jioni awafundishe wenzake na vijana wa mji: namna ya kusimama, namna ya kushika gongo, namna ya kuusoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujamtoka. Kwa hiyo Constantine aliianza kazi ya ualimu akiwa bado katika nguvu zake, sio baada ya kuzeeka. Mjukuu wa mtumwa aliwafundisha wana wa Kiingereza mchezo wa Kiingereza, nao wakamsikiliza kwa sababu alijua. Na kazi ya kufundisha hakuiacha: hata mwaka 1964, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60 na vyeo vingi, alitoa kitabu kwa ajili ya wachezaji vijana.

Katika nyumba yake huko Nelson alimkaribisha mwaka 1932 Mtrinidad mwenzake, C.L.R. James, mwandishi ambaye baadaye aliandika juu ya Azimio la Arusha kwa heshima kubwa. Walifanya biashara njema hao wawili. James alimsaidia kuandika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1933. Constantine naye alitoa fedha za kuchapisha kitabu cha James juu ya Kapteni Cipriani, kiongozi wa wafanyakazi wa Trinidad. Fedha ya kriketi ikachapisha hoja ya kudai utawala wa ndani. Mkoloni aliyekuwa akipiga makofi uwanjani sidhani kama alijua makofi yale yanakwenda wapi.

Turudi kwenye suala la unahodha, kwa kuwa ndilo lililomuuma zaidi. Mwaka 1935 huko Kingston, Jamaika, katika mchezo wa mwisho wa mfululizo dhidi ya Uingereza, nahodha Jackie Grant aliumia kifundo cha mguu akamwachia Constantine kuongoza uwanjani. West Indies walishinda mchezo huo, na ndio ushindi wao wa kwanza wa mfululizo mzima. Hata hivyo mlango ulifungwa tena. Haikuwa mpaka msimu wa 1960/61 ndipo Frank Worrell alipokuwa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza West Indies kwa mfululizo mzima. Na ajabu ni kwamba mwaka 1945 hapo Lord's, timu ya wachezaji wa makoloni na nchi za himaya ilipobaki bila ya nahodha, wachezaji wenyewe, Waaustralia na wenziwe, wote Wazungu, walimchagua Constantine awaongoze, wakaishinda Uingereza kwa tofauti ya mikimbio 45. Wachezaji waliona jambo ambalo kamati hazikuliona kwa miaka 30.

Wakati wa vita Constantine alifanya kazi katika Wizara ya Kazi ya Uingereza, huko Liverpool, akiwahudumia mafundi waliotoka Karibea kuja kusaidia viwandani. Ndipo pia sauti yake ilipoanza kuzoeleka katika BBC. Mwaka 1943 ilitengenezwa filamu ya kuwaeleza watu juhudi za Wakaribea katika vita, na ndani yake walizungumza watatu: Bibi Una Marson wa Jamaika, Constantine, na kijana mwanaanga wa Trinidad aitwaye Ulric Cross. Huyo Cross si mgeni kwa Watanzania: ndiye aliyekuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania kuanzia mwaka 1967 hadi 1971, na akaiongoza Mahakama ya Kudumu ya Kazi.

Mwaka huo huo wa 1943 likatokea jambo lililomtoa katika habari za michezo na kumtia katika vitabu vya sheria. Mwezi wa Julai alikwenda London kuongoza timu ya West Indies hapo Lord's, akafika pamoja na mkewe na binti yake katika Hoteli ya Imperial, Russell Square, alikokwisha kukodi vyumba kwa siku 4. Akaambiwa atalala usiku mmoja tu, kwa sababu wageni wa Kimarekani hawatapenda kumwona. Mtu mwingine angegombana mlangoni. Yeye alilala hoteli nyingine, akacheza mchezo wake, kisha akaenda mahakamani. Mwezi wa Juni 1944 Jaji Birkett akampa haki, na fidia ya gini 5, yaani pauni 5 na shilingi 5. Ni fedha ndogo. Lakini wakati huo Uingereza haikuwa na sheria yoyote iliyokataza ubaguzi wa rangi, na hukumu ile ilikuwa miongoni mwa mawe ya mwanzo ya msingi uliojengwa baadaye.

Akaanza kuisoma sheria mwenyewe, ile ile aliyonyimwa ujanani. Aliandika magazetini, akatangaza redioni, akafundisha kriketi, na usiku akasoma. Mwaka 1954 alikubaliwa kuwa wakili, akiwa na umri wa miaka 53. Mwaka huo huo alichapisha kitabu chake juu ya ubaguzi wa rangi, na baadhi ya magazeti ya Kiingereza yaliyokuwa yakimsifu kwa mpira yalimuona sasa hana shukurani. Hayo tunayajua. Anayecheza ngoma husifiwa, anayesema hununiwa.

Alirejea Trinidad mwishoni mwa mwaka 1954. Chama cha PNM kilipoundwa mwaka 1956 chini ya Dokta Eric Williams, Constantine akawa Mwenyekiti wake. Akashinda kiti cha Tunapuna, akawa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na kazi za umma. Uhuru ulipopatikana tarehe 31 Agosti 1962, yeye alikuwa London, Balozi wa nchi yake.

Hapa tunafika mahali pagumu, na hatutapaepuka. Mwaka 1963 katika mji wa Bristol kampuni ya mabasi ilikataa kuwaajiri watu weusi na Waasia kuwa madereva na makondakta. Wakaribea wa mji ule wakayasusia mabasi. Balozi Constantine hakukaa kimya ofisini: alisema hadharani, akaonana na Meya, akaisukuma kampuni. Tarehe 28 Agosti 1963 kampuni ikatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Huko Port of Spain, hata hivyo, wakubwa waliona Balozi amevuka mpaka wa kazi yake na ameingilia mambo ya nchi ya watu. Imani ya Dokta Williams kwake ikapungua, na mwaka 1964 muhula wake ulipokwisha, Constantine akaondoka ubalozini.

Sisi ni watu wa Chama, na tunaijua thamani ya nidhamu. Tunajua pia kwamba balozi ana taratibu zake. Lakini tunasema kwa insafu: utaratibu unaomtaka mtu aliyefukuzwa hotelini kwa rangi yake anyamaze pale wananchi wenzake wanapofukuzwa kazini kwa rangi zao, utaratibu huo ndio uliokosea. Dokta Williams alikuwa mwanachuoni mkubwa, na kitabu chake juu ya ubepari na utumwa ni hazina. Katika jambo hili, kwa maoni yetu, mchezaji alikuwa sahihi na mwanachuoni hakuwa sahihi. Mwaka 1965 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi, na bodi ya kuisimamia ilipoundwa mwaka 1966, Constantine alikuwa mmoja wa wajumbe wake.

Mwaka 1968 akateuliwa katika Bodi ya Magavana wa BBC. Mwaka 1969 akaingizwa katika Baraza la Mabwana, mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti humo, naye akachagua jina la Maraval na la Nelson, kijiji na mji wa vinu. Wapo watakaokunja uso kwa ubwana huo, na sisi hatuna haja na mabwana. Tunataja tu kwamba aliyekataliwa kitanda London mwaka 1943 alipewa kiti huko baada ya miaka 26. Alifariki London tarehe 1 Julai 1971. Mwili wake ulirudishwa Trinidad, akazikwa Arouca kwa mazishi ya kitaifa.

Sasa tuzungumze na wahusika wa hapa petu.

Kila mwaka katika visiwa vyetu wachezaji huvua jezi, wa mpira wa miguu, wa netiboli, wa riadha. Wapo waliocheza nje ya nchi, wapo waliowakabili wachezaji wakubwa wa bara hili. Wengi utawakuta barazani wakicheza bao, wakieleza jinsi goli lilivyofungwa, na wanaowasikiliza ni watu watano. Elimu ile ni mali ya umma. Imegharimiwa na fedha ya umma, kwa safari, kambi na matibabu. Kuiacha barazani ni kama kuvuna karafuu, kuzianika, kisha kuziacha zilowe mvua.

Tunatoa rai tatu, na zote hazihitaji fedha nyingi. Mchezaji akiwa bado anacheza apewe kundi la watoto wa skuli awafundishe mara mbili kwa wiki, kama Nelson ilivyomtaka Constantine afanye, na apewe posho kwa kazi hiyo; asisubiri kuumia goti ndipo aitwe mwalimu. Pili, vituo vyetu vya redio na televisheni vimweke mchezaji wa zamani pembeni ya mtangazaji. Mtangazaji wetu hodari wa lugha atatueleza kwa ufasaha kwamba mpira umetoka nje. Aliyecheza atatueleza kwa nini umetoka, na kijana anayesikiliza kijijini Makunduchi au Micheweni atakuwa amepata somo bila ya kulipa nauli. Tatu, mlango wa masomo uwe wazi kwao. Constantine aliipata sheria akiwa na miaka 53 kwa juhudi zake na za mkewe. Hatuoni kwa nini mchezaji wetu wa miaka 32 aambiwe kuwa umri wake wa skuli umepita.

Lipo na la nne, ambalo si rai bali ni angalizo kwa kamati za michezo. Katika baadhi ya kamati hizo aliyewahi kucheza huitwa kushangilia, na wanaoamua ni watu ambao hawajapata kufunga kamba za viatu vya mpira. Hatusemi kila mchezaji anafaa kuongoza, wala kila karani hafai. Tunasema orodha za wajumbe zitazamwe upya kabla ya msimu kuanza, na Wizara itangaze katika kila kamati ni wangapi waliowahi kuucheza mchezo wanaousimamia. Hesabu hiyo tutaichapisha ukurasa huu huu itakapotufikia.